Bodaboda: Ustadi wa kweli ni macho na breki, si mbwembwe

Na Mwandishi Wetu

MAFUNZO ya vijana wengi wanaoingia katika kazi ya bodaboda jijini Dar es Salaam huchukua jioni moja au mbili. Rafiki humpeleka mwenzake kwenye uwanja wa mpira au barabara ya vumbi ya mtaani, humwonyesha klachi, gia na breki, kisha humwacha azunguke hadi pikipiki iache kumzimikia.

Baada ya siku chache kijana huyo yupo kijiweni. Ana abiria nyuma, na anaingia Barabara ya Mandela sambamba na malori ya makontena yanayotoka bandarini.

Tangu jioni ile hadi siku hiyo, hakuna aliyemweleza pikipiki yenye watu wawili inahitaji mita ngapi ili isimame. Hakuna aliyemweleza dereva wa gari huona nini, na hakioni nini, anapotazama kioo cha pembeni. Hayo atayajua barabarani, na barabara ni mwalimu asiyerudia somo.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani mwaka 2021. Takriban mmoja kati ya kila watano waliokufa alikuwa juu ya chombo cha magurudumu mawili au matatu. Bara la Afrika ndilo lenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo hivyo, takriban 19 kwa kila watu 100,000.

Hapa nchini, picha ya takwimu hizo huonekana wodini. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na hospitali za rufaa za mikoa zimekuwa zikipokea vijana waliovunjika miguu na kuumia vichwa kutokana na ajali za pikipiki, pamoja na abiria wao.

Swali linaloulizwa kila mara ni iwapo mafunzo yanaweza kupunguza janga hilo. Jibu ni kwamba yanaweza kusaidia, lakini si kila mafunzo. Yapo yanayookoa maisha, na yapo yanayompa dereva ujasiri ambao hana ustadi wa kuubeba.

Kuiondosha si kuiendesha

Uchunguzi uliofungua macho ya wengi kuhusu ajali za pikipiki ulifanyika mjini Los Angeles, Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1981. Mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walichunguza ajali zipatazo 900 kwa kufika katika maeneo ya matukio, wakipima alama za matairi na kuzungumza na walionusurika.

Walibaini kuwa asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali hawakuwa wamepita katika mafunzo rasmi. Walijifunza wenyewe, au walifundishwa na ndugu na marafiki. Zaidi ya nusu walikuwa na uzoefu usiofika miezi mitano kwa pikipiki ile waliyopata nayo ajali.

Jambo la pili lilihusu muda. Katika ajali ya kawaida, tangu hatari ijitokeze hadi kugongana, mwendeshaji alikuwa na chini ya sekunde mbili za kufanya lolote. Muda huo hautoshi kufikiri. Mtu hufanya kile tu ambacho mwili wake umekizoea.

Na kile ambacho miili ya wengi ilikizoea kilikuwa kibaya. Walikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu hadi gurudumu likajifunga na kuteleza, huku breki ya mbele ikitumiwa kidogo mno.

Zaidi ya miaka 40 imepita, na jiji ni jingine, lakini kosa hilo linajulikana vyema katika vijiwe vya Dar es Salaam. Huko fundisho linalorithishwa ni kwamba breki ya mbele "inapindua", hivyo isiguswe.

Hesabu ya breki

Ukweli ni kinyume cha fundisho hilo. Pikipiki inapofunga breki, uzito wake na wa waliopanda huhamia mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa zaidi barabarani na kupata mshiko, ilhali la nyuma huwa jepesi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha pikipiki, takriban asilimia 70 kwenye lami kavu, hutoka kwenye breki ya mbele.

Kinachopindua ni kuibana ghafla, kama mtu anayekamata panya. Anayeibana taratibu, kisha akaongeza nguvu kadiri uzito unavyohamia mbele, huku breki ya nyuma ikisaidia, husimama akiwa amenyooka.

Tofauti inaweza kupimwa kwa hesabu ya kawaida ya fizikia. Chukua pikipiki mbili zinazokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kisheria katika maeneo ya makazi. Kila dereva anatumia sekunde moja kutambua hatari na kuanza kufunga breki. Katika sekunde hiyo moja, kila mmoja amekwisha kwenda karibu mita 14.

Dereva wa kwanza anatumia breki zote mbili kwa ustadi. Anahitaji mita nyingine 16 hivi, na kwa jumla anasimama ndani ya mita 30. Wa pili anatumia ya nyuma peke yake. Kwa kuwa nguvu yake ni kama nusu tu, anahitaji mita 32 za breki, na jumla yake ni mita 46.

Tofauti ya mita 16 ni zaidi ya urefu wa basi kubwa. Lakini jambo zito zaidi ni lile linalotokea pale penye mita 30, mahali ambapo mwenzake amesimama. Dereva wa pili anapafikia akiwa bado na mwendo wa takriban kilomita 35 kwa saa.

Kugonga kitu kigumu kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita tano, yaani juu kuliko paa la nyumba ya kawaida. Madereva hao wawili walikuwa na pikipiki ya aina moja, walikwenda mwendo mmoja na waliiona hatari kwa wakati mmoja. Kilichowatenganisha ni vidole vya mkono wa kulia.

Hesabu hiyo pia inaeleza kwa nini mwendo hausamehe. Kwa kilomita 80 kwa saa, hata dereva stadi wa kwanza anahitaji zaidi ya mita 60 kusimama. Mwendo umeongezeka kwa asilimia 60, lakini umbali umezidi maradufu.

Ustadi huo haupatikani kwa kuusoma. Hupatikana kwa kurudia zoezi katika uwanja mpana usio na magari, kuanzia mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kisha 30, kisha 40, mara kadhaa kwa siku tofauti, kwanza dereva akiwa peke yake na hatimaye akiwa na mtu nyuma. Abiria hubadili kila kitu: uzito huongezeka, pikipiki huyumba, na naye husukumwa mbele breki inapofungwa.

Macho yatangulie

Pamoja na umuhimu wake, breki ni kinga ya mwisho. Mafunzo ya juu ya uendeshaji yanajengwa juu ya wazo jingine: kuiona hatari mapema kiasi cha kutohitaji breki ya ghafla.

Nchini Uingereza, chuo cha polisi cha Hendon, London, kilianza kuwafundisha askari uendeshaji wa namna hiyo katika miaka ya 1930, baada ya magari ya polisi wenyewe kuandamwa na ajali. Mfumo huo ulienea hadi kwa waendesha pikipiki, polisi na raia. Msingi wake ni kwamba kila hatari hukabiliwa kwa mpangilio: pata taarifa kwanza, chagua mahali pa kupita, rekebisha mwendo, weka gia inayofaa, ndipo uongeze mafuta.

Mwaka 2002 nchi hiyo iliongeza katika mtihani wa leseni sehemu ya kutambua hatari. Mtahiniwa huonyeshwa picha za video za barabarani na kupimwa ni mapema kiasi gani anaiona hatari inayojengeka.

Sababu ya kutilia mkazo macho inaonekana katika utafiti mwingine, uliohusisha ajali 921 katika nchi tano za Ulaya kati ya mwaka 1999 na 2000. Katika takriban nusu ya ajali hizo, kosa kuu lilikuwa la dereva wa chombo kingine. Na zaidi ya asilimia 70 ya makosa ya madereva hao yalitokana na kutoiona pikipiki.

Pikipiki ni nyembamba. Hufichwa na nguzo ya kioo cha gari, hupotea nyuma ya daladala, na udogo wake humfanya dereva aidhanie iko mbali au inakwenda polepole kuliko ilivyo. Dereva anaweza kuwa ameutazama upande wa pikipiki na bado asiione.

Kwa dereva wa bodaboda, maana yake ni moja: asitegemee kwamba ameonekana. Gari linalokuja mbele likiwa na dalili ya kukata kulia ndilo la kuchungwa kuliko yote. Asiishie kutazama indiketa, ambayo huenda haifanyi kazi, bali atazame magurudumu ya mbele, kwani hayo ndiyo huanza kugeuka. Apunguze mafuta, na vidole viwe tayari juu ya breki.

Vivyo hivyo kwa daladala lililosimama kituoni. Mbele yake huenda kuna mtu anavuka, na lenyewe huenda likaondoka ghafla. Kulipita kwa kujipenyeza upande wa kushoto, mlango unapofunguliwa na abiria wakishuka, ni kuomba ajali.

Kwenye lori au basi refu, kanuni ni rahisi: usipoiona sura ya dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Pikipiki inayokaa ubavuni mwa lori kwenye makutano inakaa mahali ambapo lori litapita likikata kona.

Umbali wa kumfuata aliye mbele nao una kipimo. Dereva achague nguzo ya umeme, ahesabu sekunde tangu gari la mbele liipite hadi yeye aifikie. Zisipungue mbili kwenye lami kavu, na ziwe nne mvua ikinyesha.

Kona, mchanga na mvua

Ajali zisizohusisha chombo kingine mara nyingi huanzia kwenye kona. Dereva huingia akiwa na mwendo mkubwa, hushtuka, hufunga breki huku pikipiki imelala, na gurudumu hupoteza mshiko.

Mtu stadi humaliza kazi ya kupunguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa imesimama wima. Ndani ya kona huweka mafuta kidogo ya kuituliza, na macho yake hutazama mahali anapotaka kutokea. Anayekodolea macho shimo au gari linalokuja huishia kulifuata, kwa kuwa mikono hufuata macho.

Barabara za miji ya pwani zina hatari yake ya pekee: mchanga. Hujikusanya kwenye makutano ya lami na barabara za mitaa, na kandokando ya barabara baada ya mvua. Juu ya mchanga, breki kali na kulaza pikipiki havifai. Mwendo upunguzwe kabla ya kuufikia na usukani ushikwe pasipo kukazwa.

Mvua za masika na vuli huleta fumbo jingine. Dakika za mwanzo za mvua ndizo zenye utelezi zaidi, kwa sababu maji huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyodondoka kwenye lami. Mistari ya rangi, ikiwamo ya vivuko vya waenda kwa miguu, na mifuniko ya chuma huteleza kuliko lami yenyewe. Na pale maji yalipotuama, hakuna ajuaye shimo lililofichwa chini yake.

Mtego wa mafunzo

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba kila dereva apelekwe darasani na tatizo litakwisha. Ushahidi hausemi hivyo.

Mwaka 2010, mtandao wa kitaalamu wa Cochrane ulichapisha mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali kuhusu mafunzo ya waendesha pikipiki. Ulieleza kuwa ubora wa tafiti zilizokuwapo haukutosha kuthibitisha kwamba mafunzo yanapunguza ajali, wala kusema ni aina gani ya mafunzo iliyo bora.

Norway ilipata somo kali zaidi kwa upande wa magari. Mwaka 1979 ililazimisha madereva wapya kujifunza namna ya kulimudu gari linaloteleza. Uchunguzi uliofuata ulibaini kuwa ajali za vijana wa kiume kwenye barabara zenye utelezi ziliongezeka badala ya kupungua. Walitoka darasani wakiamini wanaweza kuushinda utelezi, hivyo hawakupunguza mwendo.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Mafunzo yanayomfundisha kijana kuinua gurudumu la mbele, kulaza pikipiki hadi chini au kupita kwa kasi kati ya magari mawili humwongezea mbwembwe. Mafunzo yanayomwonyesha, kwa mita na sekunde, jinsi uwezo wake ulivyo mdogo humwongezea tahadhari. Mwalimu mzuri hupima mafanikio yake kwa mara ambazo mwanafunzi hakulazimika kufunga breki ya ghafla.

Hesabu ya siku

Kwa dereva wa bodaboda, kikwazo kikubwa hakiko darasani. Kiko mfukoni.

Wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wapo wanaompelekea tajiri hesabu kila siku, na wapo walio kwenye mkataba, ambao hulipa kila wiki hadi chombo kiwe chao. Siku moja ya mafunzo ni siku moja isiyo na hesabu, na tajiri hahesabu cheti.

Shinikizo hilo huingia pia kwenye mwendo. Dereva ambaye hajatimiza hesabu saa 2:00 usiku atakimbiza safari, atapakia mishikaki, na atakesha kijiweni akiwa amechoka. Hakuna somo la breki linaloondoa usingizi.

Hivyo mafunzo yanayofaa ni yale yanayomfuata dereva alipo: saa chache za asubuhi wakati abiria wamepungua, katika uwanja ulio karibu na kijiwe, yakiendeshwa kwa awamu na kurudiwa kila baada ya miezi kadhaa. Vyama vya bodaboda, ambavyo tayari vina orodha ya wanachama na viongozi wa vijiwe, ni mlango wa kuingilia. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) vina walimu wa udereva.

Wenye pikipiki nao wana maslahi. Pikipiki iliyolala gereji au kituo cha polisi haileti hesabu, na dereva aliyelazwa haendelezi mkataba. Tajiri anayemwachia kijana wake nusu siku ya kujifunza kabla ya kumkabidhi ufunguo analinda mali yake.

Mfano wa karibu upo Kampala, Uganda. Kampuni ya SafeBoda, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilijenga biashara yake kwa kuwapa madereva mafunzo ya usalama na kuwawekea kofia ya abiria. Ilionyesha kuwa usalama wenyewe unaweza kuuzwa, kwa kuwa wapo abiria wanaouchagua.

Abiria naye ana sauti

Sheria imeweka msingi. Anayeendesha pikipiki anatakiwa awe na leseni ya chombo hicho, na yeye na abiria wake wavae kofia ngumu. Kanuni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki na bajaji zilitungwa mwaka 2010, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa usafiri huo kitaifa uko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA).

Kofia haizuii ajali, lakini ndiyo inayoamua nini hufuata. WHO inaeleza kuwa kofia ikivaliwa ipasavyo hupunguza hatari ya kifo kwa zaidi ya mara sita na hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. "Ipasavyo" ni pamoja na kufunga mkanda wake kidevuni. Kofia iliyotundikwa kwenye kiwiko au iliyoachwa bila kufungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini.

Abiria wa mjini huchagua dereva kwa bei na kwa haraka. Anaweza pia kuchagua kwa kutazama: je, ana kofia mbili zenye mikanda? Tairi si vipara? Vioo vya pembeni vipo, au viling'olewa ili apenye vizuri? Na akishapanda, neno "taratibu, sina haraka" halimgharimu chochote.

Hata hivyo, abiria huyohuyo ndiye asemaye, "Kimbiza, nimechelewa." Kauli hiyo ikikutana na hesabu ya tajiri na breki ya mbele isiyoguswa kamwe, ile sekunde mbili alizozipima Hurt huwa tayari zimekwisha kuliwa kabla hatari haijatokea.

Kijana aliyefundishwa kwa jioni moja hana kosa la kutojua. Lakini mita 16 zinazomtenganisha na mwenzake aliyefundishwa zinaweza kupatikana kwa asubuhi chache uwanjani, bila mtambo wa gharama wala teknolojia mpya. Zikikosekana, pengo hilo huzibwa wodini, na bili yake hulipwa na familia.